Nisaini serikali iwafungie watoto mtandao?

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Korogwe. Binti yuko kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Jioni huwa namwazima simu yangu afanye kazi za shule. Mwezi uliopita aliponirudishia nikakuta video ambazo hata kuzieleza siwezi. Zilitoka kwenye kundi la WhatsApp nisilolijua, lina watu zaidi ya mia.

Baba yake alimchapa, akaichukua simu akaifungia kabatini, na mimi sasa natumia kitochi. Hakuishia hapo. Alisikia redioni kwamba Australia wamewazuia watoto wasiingie mitandaoni, basi ameandika barua kwa mbunge wetu akitaka serikali nayo iamue watoto waone nini, na kingine chote ikifunge. Majirani na wenzetu wa kanisani wengi wameshasaini. Karatasi iko mezani tangu Jumapili inanisubiri mimi. Kaka yangu anasema nisithubutu, serikali ikipewa kazi hiyo itatufungia na sisi wakubwa, mambo ya mtoto ni ya mzazi basi. Mume wangu anasema nikikataa natetea uchafu.

Binti naye anaomba simu yake mwenyewe kwa ajili ya masomo. Nisaini au nisisaini? Na hawa watoto niwafanyeje?

Mama wa Wawili, Korogwe

*

Mwanangu, usisaini karatasi hiyo kama ilivyo. Lakini usiichane, maana huyo mkwe wangu ana uchungu wa haki na hoja yake ina nusu nzuri. Nitaifikia.

Tuanze na Australia, kwa kuwa habari ikitoka redioni ikapita kijiweni na kanisani hufika nyumbani sura imebadilika. Bunge la huko lilipitisha sheria mwishoni mwa Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni kama TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, X na YouTube zichukue hatua za kuhakikisha mtu wa chini ya miaka 16 hana akaunti kwao. Kampuni inayozembea inaweza kupigwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za Australia. Mtoto hatozwi hata senti, wala mzazi. Na sheria hiyo haimpangii mtoto aone nini: kijana wa miaka 14 pale Sydney bado anaweza kufungua YouTube bila akaunti na kutazama. Kilichokatazwa ni kampuni kumsajili, kumweka kwenye daftari lake, kisha kumlisha video moja baada ya nyingine kwa kufuata alichobofya jana.

Sasa sehemu hii msomee mumeo kwa sauti: WhatsApp haimo. Australia waliiacha nje ya katazo kwa sababu wanaihesabu kuwa chombo cha kutumiana ujumbe. Uchafu ulioingia nyumbani kwako uliingia kwa WhatsApp. Hata Bunge la Dodoma lingeinakili sheria ile neno kwa neno kesho asubuhi, video zile zingekufikia jioni kama kawaida.

Halafu simu yenyewe ni yako. Laini imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole chako. Mtambo utakaopima umri kwa usajili wa laini utajibiwa kwamba ni mama mtu mzima wa Korogwe. Korea Kusini walishayapitia haya. Mwaka 2011 walitunga sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 wasicheze michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, na mwaka 2021 serikali yenyewe ikatangaza kuifuta sheria hiyo. Na hiyo ni nchi ambayo karibu kila kijana ana simu yake. Kwetu simu moja huzunguka nyumba nzima, kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Uingereza nao, tangu tarehe 25 Julai 2025, wamezilazimisha tovuti za ngono kuhakiki umri wa anayeingia, iwe kwa picha ya uso, kitambulisho au njia nyingine. Mara hiyo hiyo programu za VPN, zinazoficha mtumiaji yuko nchi gani, zikapanda juu kabisa kwenye orodha ya zinazopakuliwa. Sisemi kwamba zuio lile ni kazi bure. Mtoto wa miaka tisa aliyebofya kwa bahati mbaya analindwa nalo, na hilo si dogo. Ila wa miaka 13 aliyedhamiria ana VPN, ana memori kadi ya rafiki, ana kibanda umiza nyuma ya soko, na mwenye kibanda hajawahi kumuuliza mtu umri ilimradi mia tano ipo.

Sasa nije kwa kaka yako. Hofu yake si ndoto. Kanuni zetu za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilipotungwa zilikuja na orodha ndefu ya yaliyokatazwa. Picha za ngono zimo. Umo pia wito wa maandamano yanayoweza kuvuruga amani. Orodha moja, kufuli moja, mwenye ufunguo mmoja. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kutumika kurusha taarifa za uongo. Baadaye waziri mwenye dhamana alitoa sababu: X inaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria na maadili yetu. Kwa hoja hiyo ya maadili akafungiwa mwandishi wa habari, mfanyabiashara na mzee mwenye wajukuu kumi. Na wenye VPN walikuwa wameshaagizwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, tangu Oktoba 2023 wazitolee taarifa. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima, hakuna aliyeulizwa ana miaka mingapi.

Kwa hiyo anayeandika "serikali iamue" aandike pia iamue kwa utaratibu gani, na nani ataikagua. Barua ya mumeo imeliruka hilo.

Walakini kaka yako anakosea anaposema mambo ya mtoto ni ya mzazi basi. Mzazi gani wa Korogwe anaweza kuiita TikTok kikaoni? Utaandika malalamiko kwa Kiswahili, yatasomwa na nani? Kampuni hizi zina wahandisi ambao kazi yao ni kumfanya mwanao asiweke simu chini, na wewe unarudi sokoni jioni mgongo unauma. Mapambano hayo hayalingani. Hapa ndipo serikali ina kazi, na ndiyo ile nusu nzuri ya mkwe wangu. Serikali hukagua mizani ya muuza nyama na mhuri wa daktari wa mifugo, lakini haiji jikoni kukuchagulia mboga. Naitaka ifanye vivyo hivyo mtandaoni: imbane mfanyabiashara, imsake mhalifu, na kijiko iniachie mimi.

Ukitaka kumsaidia mumeo, kaeni muiandike upya barua hiyo. Mbunge aombwe kudai kwamba kampuni zinazovuna fedha hapa ziwe na watu wanaosoma Kiswahili kwenye dawati la malalamiko, na picha ya mtoto ikiripotiwa ishushwe kwa saa, si kwa wiki. Akaunti ya mtoto isifikiwe na mtu mzima asiyemjua. Taarifa za mtoto zisitumike kumwinda kwa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo tayari, isukumwe ifanye kazi. Polisi wapewe vifaa na mafunzo ya kufuatilia wanaosambaza picha za watoto, kosa ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitambua waziwazi. Na mstari mmoja wa mwisho, ambao kaka yako ataufurahia: mtandao au tovuti isifungwe ila kwa amri ya mahakama, yenye sababu zilizotangazwa na tarehe ya kwisha. Barua ya namna hiyo isaini, na kaka yako asaini chini yako.

Kuna jambo moja lingine ambalo sijaona mtu akilitaja kwenye karatasi hizi, nalo linamhusu binti yako. Mitambo ya kuchuja ni mijinga. Ikiambiwa zuia neno "titi" itazuia picha chafu, na itazuia ukurasa wa saratani ya matiti. Msichana wa kidato cha tatu ana maswali ya hedhi, ya mimba, ya VVU, ya mwalimu anayemshika bega zaidi ya inavyofaa. Mengine atakuuliza wewe. Mengine hatakuuliza, hata uwe mama mpole namna gani, na heri ayapate kwenye ukurasa wa daktari kuliko kwa rafiki yake. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeliona hili: kifungu cha 17 kinampa mtoto haki ya kupata taarifa, na hapo hapo kinazitaka nchi ziweke miongozo ya kumkinga na yale yanayomdhuru. Kifungu kinachofuata kinasema jukumu la kwanza la malezi ni la wazazi.

Binti mpe simu. Si ya bei mbaya, na si leo usiku. Mkubaliane kwanza kwamba usiku simu inalala sebuleni kwenye chaji, ikiwa pamoja na zenu (zenu pia, mwanangu, na ya baba mtu). Bando la wiki liwe la kiasi. Ukiweza, fundi wa simu au mwalimu akuwekee Family Link ya Google, upokee ombi kila anapotaka kupakua programu mpya. Ila mwambie umeiweka. Ukimpeleleza kwa siri akagundua, siku atakapotumiwa jambo la kumtisha wewe utakuwa mtu wa mwisho kujua.

Simu yako ukiirudisha mkononi, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, kisha makundi, uchague kwamba wanaoweza kukuongeza ni watu waliomo kwenye orodha yako tu. Zima pia upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Ni kazi ya dakika tano, na ingeyazuia mengi kuliko barua yoyote ya mbunge.

Sasa kijana. Amechapwa, na alichojifunza ni kuficha vizuri zaidi. Mtoto wa miaka 13 kutazama vitu vile si ajabu ya dunia wala si dalili kwamba ameharibika. Alikuwa na shauku, mtu akamfungulia mlango. Baba yake ndiye azungumze naye, tena bila mkanda, maana kijana wa umri huo anataka kusikia jambo hilo kwa mwanamume. Amwambie kwamba mambo yale ni maigizo ya kulipwa, na mwanamke hatendewi vile na mtu anayemheshimu. Mkwe wangu ataona aibu. Aione tu, itapita.

Lakini kuna swali ambalo katika barua yako nzima hakuna aliyeliuliza, nalo linanisumbua kuliko Australia yote. Nani alimwongeza? Kundi la watu zaidi ya mia halimwokoti mtoto wa darasa la saba hewani. Mtu alikuwa na namba yako, alijua kwamba jioni simu anashika kijana, akabonyeza. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake tu, na hilo mtalimaliza na mwalimu wake. Anaweza pia kuwa mtu mzima. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa na UNICEF, ECPAT na Interpol, ambao ripoti yake ya Tanzania ilitoka 2022, ulionyesha kwamba mara nyingi mtoto anayedhuriwa kupitia mtandao anamfahamu anayemdhuru. Mtu wa namna hiyo huanza na video, halafu huomba picha, halafu huja vitisho.

Basi muulizeni kijana, kwa upole, kama kuna aliyemwandikia pembeni ya kundi, aliyemwomba picha, au aliyemwahidi vocha. Mumeo asifute chochote kwenye simu ile. Na kama ndani ya video zile yumo mtoto, msimtumie mtu hata kwa nia ya kuonya, kwa kuwa kusambaza ni kosa hata kama unasambaza kwa hasira. Andikeni pembeni namba ya msimamizi wa kundi na ya aliyemwongeza. Mkiona dalili ya mtu mzima, pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, kisha mwende na simu hiyo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mwende wote wawili, wewe na baba yake, na mkifika mhakikishe mnaondoka na namba ya jalada.