Akili Huanza Kuugua Polepole

Ndugu msomaji wa Nyarugusu, sisi tuliotoka Kongo tumepoteza watu na mali, na kulia usiku si wazimu. Lakini mlinganishe mtu wako na alivyokuwa zamani. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya posho sasa haendi, hapiki, hasemi. Wiki mbili zikipita hivyo, huo ni ugonjwa. Kijana aliyependa mpira anajifungia, haogi, hukesha, anadai chakula kimetiwa sumu, anajibu sauti usiyoisikia wewe. Huyo usimhesabie siku, wala usingoje avue nguo barabarani ndipo useme amerogwa.

Akiwa na homa na kuchanganyikiwa, huenda malaria imepanda kichwani: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake.

Kamba haiponyi. Mimi niliishika kaka yangu alipofungwa, na miezi ikapotea bure. Ziko dawa za kutuliza sauti hizo, na anayeanza mapema hupata nafuu zaidi. Mlete zahanati, au mwambie mhamasishaji wa kijiji chako. Jina la mgonjwa hatulitangazi.