Mazoezi ya mtandaoni au ya ana kwa ana: Yapi yanamfaa mwanafunzi wa udaktari?

Ukilazwa katika hospitali ya rufaa, mtu wa kwanza kukuuliza unaumwa wapi huenda akawa mwanafunzi. Shahada ya udaktari hapa Kenya huchukua miaka sita, na sehemu kubwa ya miaka ya mwisho hupita wadini, zamu za usiku zikiwemo. Wanafunzi wa uuguzi na wa utabibu, wakiwemo wa KMTC, nao hujifunzia kazi katika hospitali za kaunti. Kwa hivyo hali ya akili ya vijana hawa inamhusu kila mkazi anayepanga foleni kutafuta matibabu.

Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti kutoka nchi 43. Ulibaini kuwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Huyo ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Miongoni mwa waliopatikana na dalili hizo, takriban asilimia 16 tu ndio waliotafuta matibabu. Wanaosomea kutibu wengine, wenyewe hawaendi kumwona daktari!

Mazoezi ya viungo ni mojawapo ya njia za kupunguza msongo huo, na hayahitaji mtu kujitangaza kuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo bado unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Swali ni namna ya kuyapata.

Utafiti mmoja wa mwaka 2017 kutoka chuo cha udaktari cha University of New England, jimbo la Maine, Marekani, unatupa fununu. Wanafunzi 69 walifuatiliwa kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilihudhuria darasa la pamoja la nusu saa, angalau mara moja kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi kivyake, mtu peke yake au na mwenzake mmoja au wawili. La tatu halikufanya mazoezi ya ziada. Msongo wa mawazo ulipungua kwa asilimia 26.2 katika kundi la darasa. Waliofanya kivyao walitumia muda unaokaribia maradufu, lakini msongo wao haukupungua kwa kiwango cha kutajika.

Tusikimbilie kushangilia. Wanafunzi hao walijichagulia makundi wenyewe, na huenda wapenda watu ndio walioenda darasani. Tena hakukuwa na kundi la mtandaoni. Hata hivyo, funzo moja linaonekana: dakika pekee hazitoshi, wenzako nao ni sehemu ya dawa.

Hapo ndipo mtandao unapopungukiwa, hasa video iliyorekodiwa. Unaifungua ukiwa peke yako chumbani, simu inaita, unaifunga. Hakuna wa kukuuliza kesho ulikuwa wapi. Mkufunzi hakuoni ukikunja mgongo vibaya unapoinua uzito. Na bando huisha.

Lakini anayesema kila mtu aje uwanjani saa kumi na moja jioni hajawahi kufanya zamu. Mwanafunzi aliyekesha wadi ya wazazi hawezi kufika. Aliyetumwa hospitali ya mbali na chuo hana nauli ya kurudi kila wiki. Pia wako wanaoona haya kufanya mazoezi mbele ya watu. Kwa hawa, simu ndiyo mlango pekee ulio wazi, na kuwafungia ni kuwakosesha hata hicho kidogo.

Kwa maoni yetu, kuchagua upande mmoja si lazima. Kipindi cha mtandaoni cha moja kwa moja, chenye watu sita au wanane wanaofahamiana, kamera zikiwa wazi, kinakaribia darasa kuliko video yoyote ya kupendeza. Kundi hilohilo likikutana uwanjani mara moja kwa wiki, asiyefika ataulizwa. Gharama ni ndogo: uwanja, mtu mmoja wa kuongoza na orodha ya mahudhurio. Kigumu zaidi ni ratiba, kwa sababu wasimamizi wa wadi wanapaswa kumruhusu mwanafunzi atoke kwa wakati. Bila hilo, programu yoyote itabaki kwenye bango la matangazo.

Mazoezi si badala ya matibabu. Mwanafunzi, au mkazi yeyote, ambaye kwa wiki mbili mfululizo amekosa usingizi, hamu ya chakula au furaha, aende kituo cha afya kilicho karibu. Anayewazia kujidhuru asingoje wiki mbili: apige 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Simu hiyo haitozwi.