Mkate na Divai Mwezini

Mkesha wa Krismasi, mwaka 1968, Wamarekani watatu waliokuwa katika chombo kiitwacho Apollo 8 waliuzunguka mwezi, nao wakawasomea watu wa duniani habari za kuumbwa kwa ulimwengu katika Kitabu cha Mwanzo. Wengi walifurahi. Lakini Madalyn Murray O'Hair, mwanamke asiyesadiki kuwa Mungu yuko, alinung'unika, kwa kuwa wale walikuwa watumishi wa serikali iliyo ya watu wote. Akaenda kushtaki, lakini mahakama haikuikubali kesi yake.

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini. Aldrin alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri huko Texas, naye alichukua mkate kidogo, divai, na kikombe. Wakubwa wake walimwonya asiitangaze ibada yake, ili manung'uniko yasizidi. Basi, kabla ya kutoka chomboni, aliwaomba tu wote waliomsikia wanyamaze kidogo, kila mtu ashukuru kwa njia yake. Kisha akamimina divai. Mwezini uzito wa kitu ni sehemu moja tu katika sita ya uzito wake duniani. Kwa hiyo divai ilipanda polepole ubavuni mwa kikombe. Akala, akanywa, akashukuru. Armstrong alimtazama kwa heshima, wala hakushiriki.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 2009, Aldrin aliandika kuwa kama angerudia safari ile, labda asingefanya hivyo; maana walikwenda kwa jina la wanadamu wote, Wakristo, Wayahudi, Waislamu, na wasio na dini. Hata hivyo hakukana kuwa tendo lile lilimgusa sana moyoni.

Wako wadhanio kwamba elimu huifukuza imani. Aldrin alikuwa na shahada ya udaktari, aliyoipata kwa kuchunguza jinsi vyombo viwili viwezavyo kukutana angani. Hesabu hazikumzuia kusali, wala sala haikumwondolea kazi ya hesabu. Lililomtatiza ni jambo jingine: jinsi ya kumshukuru Mungu bila kuwasahau wenzake wasiosali kama yeye.

Maswali

1. Kwa nini divai ilipanda polepole kikombeni?
2. Armstrong alionyeshaje adabu?
3. Je, Aldrin alifanya vema? Toa sababu zako.