Uzoefu wa Kazi Unaohesabika Unapoomba MBA: Mwongozo kwa Walioko Kazini Singida

Mwongozo huu ni wa wenye shahada ya kwanza wanaokusudia kuomba shahada ya uzamili ya biashara, iwe Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au nje ya nchi. Ieleweke mapema kwamba uzoefu hauzibi pengo la cheti. Miaka kumi ya kuuza vitunguu sokoni Misuna haichukui nafasi ya shahada ya kwanza.

Sharti la kufanya kazi kwanza si geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa apite kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Tofauti ni kwamba leo shule ya biashara hutazama zaidi ulichokabidhiwa: fedha, watu, maamuzi.

Chukua kiwanda cha kukamua alizeti. Karani aliyepima magunia kwa miaka sita anaweza kupitwa na mwenzake wa miaka miwili aliyepanga bei ya kununulia mbegu wakati wa mavuno, akasimamia vibarua na kutafuta soko la mashudu. Kwa hiyo usiandike tu "nilifanya kazi kiwandani". Taja magunia yaliyoingia msimu ule, lita zilizotoka, na hasara uliyoizuia.

Biashara yako mwenyewe nayo ni uzoefu, na hapa ndipo wengi hujipunja. Mtu anapeleka kuku Dar es Salaam kila wiki, kisha kwenye fomu anajaza kwamba hana kazi! Ambatisha leseni ya biashara, kumbukumbu za kodi za TRA na taarifa ya benki. Aliyekuwa mweka hazina wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, atafute barua ya chama pamoja na taarifa ya ukaguzi ya kipindi chake kutoka COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika.

Mwajiriwa aweke mkataba na taarifa ya michango ya NSSF au PSSSF. Taarifa hiyo huonyesha mwezi kwa mwezi, hivyo ukiongeza miaka kwenye wasifu itakuumbua.

Mafunzo kwa vitendo ya wakati wa shahada usiyategemee. Kuhusu kazi za kujitolea, soma masharti ya mwaka unaoomba. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, umekuwa ukitaka miaka miwili ya kazi, na huihesabu kuwa saa 2,800. Anayejitolea bila kuandika saa zake atapata tabu kuzithibitisha.

Mdhamini awe msimamizi aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya mkubwa wa wilaya asiyejua ulichokuwa ukifanya haina uzito. Viwanda vingi vya alizeti hulala mbegu zikiisha na wasimamizi hutawanyika; omba barua kazi ikingali inaendelea, iwe na muhuri, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na namba ya simu inayopokelewa.