Kwa Nini Kisu cha Mfukoni Hupoteza Makali, na Jinsi ya Kukinoa

Kisu kidogo cha kukunja, kile kichukuliwacho mfukoni, ni miongoni mwa zana zinazotumika sana na kutunzwa kidogo. Mkulima hukitumia kubebesha miche ya michungwa na miembe, mvuvi hukatia kamba na mishipi, na watoto humenyewa machungwa kwa kisu hicho hicho. Baada ya majuma machache huanza kuteleza juu ya ganda la embe badala ya kulikata. Hapo mwenyewe huongeza nguvu ya mkono, na nguvu hiyo, kisu kinapoteleza, huishia kwenye kidole.

Watu wengi hudhani kwamba kisu butu ni kisu kilicholika, na kwamba dawa yake ni moja tu, yaani kupelekwa kwenye gurudumu la mnoa visu. Dhana hiyo ni kweli nusu. Makali hupotea kwa njia nne mbalimbali, na kila njia ina tiba yake. Asiyezitofautisha hukimaliza kisu kwa kukinoa kabla hajakimaliza kwa kukitumia.

MAKALI NI NINI?

Ubapa wa kisu una nyuso mbili ambazo hukaribiana kutoka mgongoni mpaka zinapokutana. Mstari wa makutano hayo ndio makali. Katika kisu kilichonolewa vema unene wa mstari huo ni kiasi cha sehemu moja ya elfu ya milimita, au pungufu. Unywele wa binadamu huuzidi unene huo mara makumi kadhaa.

Wembamba huo ndio unaokata. Nguvu ya mkono ikienea juu ya eneo kubwa, kila sehemu hupata kidogo. Ikikusanywa juu ya eneo dogo, mkazo huongezeka. Chukua mfano wa makali yenye urefu wa milimita 50 yanayokandamizwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 1. Ikiwa unene wake ni milimita 0.001, eneo lote linalogusa ni milimita za mraba 0.05, na mkazo ni sawa na kilo 20 juu ya kila milimita ya mraba. Makali hayo yakinenepa na kufikia milimita 0.02, eneo huwa milimita ya mraba 1, na mkazo hushuka hadi kilo 1 tu. Kwa hiyo mwenye kisu butu atahitaji nguvu mara 20 ili apate mkazo ule ule.

Isitoshe, kisu butu hakikati sawasawa, bali huponda na kuchana. Katika kubebesha miche jambo hili lina hasara kubwa. Kijiti cha mti bora hushikana na mche endapo tabaka jembamba lililo hai chini ya gome, liitwalo kambiamu, litagusana na tabaka la mwenzake. Mkato uliopondeka huua chembe hai za tabaka hilo na kuacha nafasi katikati. Kijiti hukauka, na kazi hurudiwa.

NJIA NNE ZA KUPOTEA KWA MAKALI

Kwanza, kupinda. Ukingo ulio mwembamba kiasi hicho hupinda upesi ukigonga mfupa, sahani ya kauri au sufuria. Chuma hakijapotea, kimelala upande mmoja tu. Kisu cha namna hii hakihitaji kusagwa, bali kunyooshwa.

Pili, kumeguka. Makali yakipindishwa huku na huku, au yakikazwa kwa ubavu, vipande vidogo mno huvunjika. Ajabu ni kwamba hata kitu laini chaweza kumegua chuma kigumu. Ushahidi ulipatikana kwenye wembe. Mwaka 2020 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology, nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao wa wembe unaokata nywele, uliotazamwa kwa darubini ya elektroni. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kiasi cha mara 50, na hata hivyo makali yalimeguka. Ilidhihirika kwamba hutokea hivyo unywele unapoinama mbele ya wembe, na kuyasukuma makali kwa ubavu mahali ambapo umbile la ndani la chuma halilingani. Fundisho lake kwa mwenye kisu ni wazi: kisu kisukumwe moja kwa moja, kisipotoshwe ndani ya kitu kinachokatwa, wala kisitumiwe kuchokonolea kopo.

Tatu, kulika. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 1 hadi 10, chuma cha kisu kilichokazwa hufikia kama 6 na nusu. Kwatzi, madini yaliyojaa katika mchanga, ni 7. Maana yake ni kwamba mhogo uliotoka shambani ukiwa na mchanga ni tupa inayokisaga kisu kila unapomenywa. Mimea mingine hubeba kikwaruzi chake ndani: miwa, mpunga na nyasi nyingine nyingi huhifadhi silika, ambayo ni jamaa ya mchanga, katika chembe zake.

Nne, kutu. Maji ya ndimu na embe bichi yana asidi, na asidi hula chuma. Ubapa mnene huonyesha doa jeusi tu, lakini ukingo wenye unene wa sehemu ya elfu ya milimita huweza kuharibika kwa usiku mmoja. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chenye kromi karibu asilimia 13, ambacho hupinga kutu kwa sababu kromi hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi. Hata hivyo chuma cha namna hiyo nacho hupata madoa kikiachwa na chumvi ya bahari.

HATARI YA JOTO

Kisu hutengenezwa kwa chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni. Katika chuma cha kawaida cha visu, kisicho na kromi nyingi, mhunzi hukipasha joto hadi nyuzi za Selsiasi 800 hivi, kisha hukitumbukiza ghafula katika maji au mafuta. Hapo chuma huwa kigumu sana lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena joto dogo, kiasi cha nyuzi 200, ili kipungue ukavu bila kupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake.

Ugumu huo waweza kuharibiwa kwa dakika chache. Ubapa ukikandamizwa kwenye gurudumu kavu linalozunguka kwa kasi, ukingo wake, kwa kuwa ni mwembamba, hupata moto kabla ya sehemu nyingine. Ukifika nyuzi 230 hugeuka manjano kama majani makavu. Ukikaribia nyuzi 300 huwa samawati. Rangi ya samawati ni alama kwamba chuma kimelegea. Kisu kitakata vizuri siku hiyo, na kitakuwa butu keshoye. Tiba ni kuisaga sehemu hiyo yote hadi iishe, au kumpa mhunzi akikaze upya. Gurudumu linafaa kwa kisu chenye mapengo makubwa tu, na ni lazima ubapa uchovywe katika maji mara kwa mara.

JINSI YA KUNOA

Vifaa ni kinoo chenye upande wa kukwaruza na upande laini, maji, kitambaa, na mkanda wa ngozi. Vinoo vingi vya dukani hufanywa kwa oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha Mohs ni 9. Asiye na kinoo aweza kutumia duara lisilo na rangi ya kung'aa chini ya kikombe cha kauri; hilo ni sawa na upande laini.

1. Kwanza kisu kijaribiwe kwenye mkanda, kama ielezwavyo katika hatua ya 6. Ikiwa makali yalikuwa yamepinda tu, yatarudi, na kazi itakuwa imekwisha.

2. Kinoo kiloweshwe na kuwekwa juu ya kitambaa kibichi ili kisiteleze. Maji huchukua unga wa chuma usizibe vitundu vya jiwe.

3. Ubapa ulazwe juu ya jiwe, kisha mgongo uinuliwe kiasi cha thuluthi moja ya upana wa ubapa. Kwa ubapa wa milimita 15 mgongo huinuliwa milimita 5. Hiyo ni pembe ya karibu digrii 20, inayofaa kazi nyingi. Pembe ndogo zaidi hukata kwa wepesi lakini hupinda upesi. Kubwa zaidi hudumu lakini hukata kwa uzito.

4. Kisu kisukumwe makali yakitangulia, kama kinachotaka kukata ganda jembamba juu ya jiwe, kwa mkono mwepesi na pembe ile ile. Kisu kisicho na kifungio kisisukumwe kwa mgongo, kisije kikajikunja juu ya vidole.

5. Upande mmoja unolewe mpaka pindo jembamba la chuma litokeze upande wa pili, kwa urefu wote wa makali. Pindo hilo hupapaswa kwa kidole kinachotoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata makali. Bila pindo, nyuso mbili bado hazijakutana, na wengi hukoma hapo kabla ya wakati. Kisha upande wa pili unolewe vivyo hivyo, na kazi irudiwe kwenye upande laini kwa kupokezana, mara moja huku na mara moja huku.

6. Mwisho, ubapa uvutwe juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande, ili pindo lililobaki lidondoke.

Kupima matokeo hakuhitaji damu. Makali yaelekezwe kwenye mwanga: sehemu iliyo butu ina upana wa kutosha kumetameta kama uzi mweupe, na sehemu iliyo kali haionekani.

KUTUNZA

Mhogo na viazi vioshwe kabla ya kumenywa. Vitu vikatiwe juu ya ubao, si juu ya sahani. Baada ya kukata matunda kisu kioshwe, kikaushwe kabla ya kukunjwa, na kiungo chake kipate tone la mafuta. Anayekipitisha kwenye mkanda kila juma atahitaji kinoo mara chache, naye atakitumia kisu kimoja kwa miaka mingi.

MASWALI

1. Kwa nini kisu kilichopinda makali hakipaswi kusagwa?

2. Ubapa una upana wa milimita 18. Mgongo uinuliwe kiasi gani juu ya kinoo?

3. Kisu kimenolewa leo kwenye gurudumu kavu, na ukingo wake ni wa samawati. Eleza kitakachotokea, na sababu yake.