Waridi la Manjano la Nyanya

Leo ningependa tujifunze juu ya waridi moja la manjano linaloitwa Golden Showers. Lakini kwanza naungama kosa. Mwaka jana nyanya yangu aliniomba waridi la manjano la kupamba ukuta wa nyumba yake. Nikanunua mche kando ya barabara, muuzaji akaniambia, "Hii ni golden shower." Nyanya akaunyunyizia maji kila jioni. Ulipochanua, lo! Maua yalikuwa ya rangi ya machungwa, membamba kama vidole. Nyanya alicheka sana. Mimi niliona haya.

Kumbe jina ni moja lakini mimea ni miwili! Ule wangu asili yake ni Brazili, nao umefunika nyua nyingi hapa kwetu. Wataalamu huuita Pyrostegia venusta. Si waridi hata kidogo.

Waridi lenyewe lilizalishwa Marekani na Dakta Walter Lammerts, likaanza kuuzwa mwaka wa 1956. Mwaka wa 1957 likapata tuzo la All-America Rose Selections. Wazazi wake ni Charlotte Armstrong, waridi la kichaka lenye rangi ya waridi iliyokoza, na Captain Thomas, ambalo hupanda ukutani na maua yake ni ya rangi ya malai. Hebu fikiri, wazazi hao wakazaa mtoto wa manjano!

Mtoto huyo hufika kama mita 3, ana miba michache, na huchanua tena na tena. Ua likifunguka huwa manjano kabisa, halafu jua hulipausha.

Sasa, utaitofautishaje mimea hii kabla haijachanua? Tazama vikono. Ule wa Brazili hujishikilia wenyewe kwa vikono vyake. Waridi halina, kwa hivyo lazima ulifunge kwa kamba, tena usikaze sana. Na matawi uyalaze upande upande. Tawi likilazwa, machipukizi hutokea kote na kila moja laweza kutoa maua. Likiachwa wima, maua mengi hukaa kule juu, na nyanya ataumia shingo akiyatafuta.

Nimemwahidi mche mwingine. Ule wa machungwa amekataa katakata ung'olewe, ati ameshauzoea, kwa hivyo waridi tutalitafutia ukuta wa jikoni. Safari hii nitachungulia vikono kabla ya kulipa.