SOMO: KUTAWANYA SAA ZA KAZI ZA KOMPYUTA

Kompyuta za mifumo ya jamii ya Unix zina programu iitwayo cron, ambayo kila dakika hutazama ratiba na kuanzisha kazi iliyofikiwa na wakati wake. Programu hii ni tiifu mno, na utiifu huo ndio chanzo cha tatizo.

Waandikao ratiba hupenda saa kamili, hasa saa 6:00 usiku, ambayo cron huiita saa sifuri. Kompyuta 60 zikiagizwa kupeleka nakala za akiba katika seva moja kwa saa hiyo, zote hubisha hodi kwa pamoja. Seva huzidiwa na baadhi ya nakala hukatika. Na huenda upungufu huo usijulikane hadi siku faili la mishahara litakapopotea. Ilhali muda unaofuata seva hiyohiyo hukaa bure. Zikitawanywa kwa nasibu ndani ya saa moja, hufika kwa wastani moja kila dakika.

Katika FreeBSD, programu ya freebsd-update ikitumiwa kwa agizo lake la cron husubiri kwanza muda wa nasibu usiozidi sekunde 3600. Katika systemd, ratiba huongezewa mstari wa RandomizedDelaySec.

Wengi huandika wenyewe amri hii:

sleep $((RANDOM % 3600))

Hapa ndipo penye mtego. Alama ya % katika ratiba ya cron huikata amri, hivyo sharti iandikwe \%. Hatari zaidi ni neno RANDOM, ambalo linafahamika katika bash lakini si katika dash, itumikayo kama sh katika Debian. Huko neno hilo halina thamani, hesabu hutoa sifuri, na kompyuta zote huanza pamoja bila onyo lolote, huku mhusika akiamini kuwa amezitawanya. Mstari wa SHELL=/bin/bash ukitangulia katika ratiba, kasoro hiyo huondoka.

Kazi zinazotegemeana, kama vile kufunga hesabu za siku na kisha kuzinakili, zisipewe kila moja nasibu yake, kwani ya pili yaweza kuitangulia ya kwanza. Hizo huunganishwa katika amri moja, na kungoja huwekwa mwanzoni mwake.